Nell Hatazami Kondoo

Ukitaka kumuudhi Thirza Emmerson, msifie mbwa wake kwa mbio. Mwambie, "Aisee, huyo Nell wako ana kasi!" uone atakavyokukata jicho. "Kasi?" atakuuliza. "Hata paka aliyemwagiwa maji ana kasi." Kisha atakugeuzia mgongo, na Nell naye atakugeuzia wa kwake, ubaki hapo na sifa zako mdomoni.

Watu wa Stobbs Row walishamzoea. Stobbs Row ilikuwa safu moja ya nyumba za matofali yaliyotiwa weusi na moshi, mgodi wa makaa ya mawe chini yake, malisho ya kondoo juu yake, na upepo wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, kutoka kila upande. Wanaume walishinda ardhini kama fuko, na waliporudi juu kila mmoja alikuwa na wazimu wake. Huyu njiwa wa mashindano, yule vitunguu liki vinene kama mguu wa mtoto, na waliobaki wote mbwa. Mbwa wenyewe ni wale waitwao lacha. Lacha si ukoo wa mbwa. Ni chotara: damu ya mbwa wa mashindano ya mbio kwa ajili ya miguu, na damu ya mbwa mwingine yeyote mwenye akili kwa ajili ya kichwa. Na hapo kwenye "mwingine yeyote" ndipo watu walipogombana baa mpaka glasi zikavunjika.

Thirza hakwenda baa, lakini ugomvi ule aliumaliza kitambo, kwa vitendo. Baba yake, Josiah Raine, alitamani mtoto wa kiume wa kumwachia mbwa wake. Akapata mabinti wanne. Thirza alikuwa wa mwisho, na mzee alikuwa amechoka kungoja, kwa hiyo akamvisha kofia yake kuukuu na kumchukua malishoni. Majirani walicheka. Josiah akawaambia wacheke tu, ila wasije kumwomba sungura. Na kwa kuwa nyama haikuwa nyingi nyakati hizo, vicheko vilikwisha upesi.

Alipofika umri wa kuolewa aliolewa na Wilf Emmerson, mtu mpole, mchimbaji hodari, aliyeogopa vicheche kuliko kitu chochote duniani. Na nyumba ya Thirza haikukosa vicheche, wale weupe wa kufugwa, wembamba, wanaoingizwa kwenye mashimo ili sungura watoke mbio. Wilf akienda chooni uani alipita mbali na kizimba chao. "Mgodini sijali," alikuwa akisema, "lakini hao wadudu wako, Thirza, hao hapana." Mgodi asioujali ndio uliomchukua. Dari iliporomoka, na aliyemchimbua Wilf alikuwa Sep Hindmarsh wa nyumba ya tatu. Alichimba kwa mikono mitupu hadi kucha zikamng'oka, ingawa wenzake walimwambia aache, mtu ameshakufa. Alimtoa mzima wa viungo, akazikwa kama mtu. Jambo hilo Thirza hakulisahau, na wewe usilisahau, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka.

Baada ya hapo alipata kazi ya kupika kantini ya mgodi, na muda uliobaki ulikuwa wa mbwa. Nell alimtengeneza mwenyewe, kwa kuwachagua babu na bibi zake kama mama anayemtafutia mwanawe mchumba. Mama wa Nell alikuwa wa mbio. Baba alikuwa nusu terria, mbwa wadogo wa wachimba migodi, wale wenye manyoya kama kondoo na roho kama ya pilipili, na ndani yake kulikuwa na tone la mbwa wa kuchunga. Alitoka mbwa jike wa kijivu, manyoya yamesimama wima, sura ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mrembo hakuwa.

Lakini kazi! Nell alipewa chakula sahani moja na vicheche tangu akiwa na meno ya maziwa, hata akawaona ni ndugu. Malishoni alipita mdomo wa kila shimo, akanusa, akaenda zake, mpaka afike lenye mwenyewe ndani. Hapo alisimama, mguu mmoja juu, kimya. Habweki, hachimbi. Shimo alilosimama Nell lina sungura, na alilolipita halina; hakuwahi kusema uongo. Akimkamata sungura alimleta mzima, masikio yakichezacheza, bila jino kumpenya ngozi. Thirza alimfundisha kwa yai bichi, kulibeba kutoka banda la kuku mpaka jikoni. Jumapili baada ya kanisa wageni wakija, yai lilibebwa tena, na Thirza alijifanya yuko bize na birika huku akiwatazama nyuso kwa pembe ya jicho.

Duke wa Sep alikuwa kinyume. Naye alikuwa wa kijivu, manyoya yamesimama, mkubwa, mwenye kifua kipana, na kwa mbio hakuna aliyemfikia. Ila sungura aliyemkamata Duke ulimkusanya kwa kijiko.

"Anakupikia kabisa huyo," Thirza alimtania Sep. "Bado chumvi tu."

"Wivu, dada yangu," Sep alijibu. "Wangu anakamata. Wako anawabusu."

Waligombana zaidi juu ya kondoo. Mbwa anayefukuza sungura malishoni lazima apite kati ya kondoo, na kondoo akishtuka hukimbia, na kitu chochote kinachokimbia humwita mbwa. Dawa ya Stobbs Row ilikuwa kumfungia mbwa mchanga kizimbani na kondoo dume mkali, apigwe pembe mpaka akome. Duke alifanyiwa hivyo, na Sep alihesabu kazi imekwisha. Thirza hakukubali. Alisema mbwa aliyepigwa hujifunza kumwogopa kondoo anayemjia, na anayemkimbia je? Yeye alimpitisha Nell kwa kamba kati ya kondoo kila siku ya majira ya baridi ya kwanza. Nell akiinua tu jicho kumtazama kondoo, matembezi yalikwisha papo hapo, wakarudi nyumbani. Hakuna kipigo, hakuna kelele. Mwisho Nell akawaona kondoo ni kama mawe ya ukutani, na nani atapoteza muda kutazama mawe?

Malisho hayo yalikuwa ya Bwana Coulthard, mkulima wa juu, mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alimruhusu Thirza kuwinda kwake kwa sababu sungura walikuwa wakila nyasi za kondoo wake, na kwa sababu Thirza alifunga mageti. Sep hakuruhusiwa, kwa kuwa hakuyafunga.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, baridi inaelekea ukingoni, nyama bado ya mgao. Asubuhi moja Thirza alikuwa akirudi kutoka kantini kwa njia ya nyuma ya nyumba. Alimkuta Sep uani kwake na ndoo, akimsugua Duke. Maji ya ndoo yalikuwa mekundu. Kati ya meno ya Duke kulikuwa na kipande cha sufu.

"Kaangukia matope," Sep alisema kabla hajaulizwa.

"Naona," Thirza akasema, akapita.

Kabla ya saa sita Bwana Coulthard alishuka na bunduki yake ya marisau begani. Kondoo wake wawili, wenye mimba, walikuwa wamechanwachanwa, na mchungaji wake alikuwa ameona kwa mbali mbwa wa kijivu, manyoya yamesimama, akiruka ukuta. Watu walitoka milangoni.

"Nani ana mbwa wa kijivu hapa?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ni wawili tu," Sep alidakia. "Wangu na wa Thirza. Wangu nilimfungia tangu jana jioni, hakutia mguu nje. Muulize mke wangu."

Thirza alimtazama Sep. Sep alitazama viatu vyake.

Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa limeshamfika kooni Thirza, na lilimchoma. Lakini mtu wa Stobbs Row hamkabidhi jirani yake kwa mwenye shamba. Hilo hakulifundishwa na mtu, alizaliwa akalikuta. Na alipomtazama Sep aliziona kucha zile zilizoota upya vibaya, zimepinda. Akalimeza neno lake. Hasira zake zote zikabaki hapo hapo, nazo zilimsimamisha wima.

"Mbwa wangu hakuua kondoo wako, Bwana Coulthard."

"Kila mwenye mbwa husema hivyo, Bi Emmerson. Nasikitika."

"Usisikitike, na mimi sitasema tena. Utajionea mwenyewe. Jumamosi, kwenye malisho yako, katikati ya kondoo wako. Nitamtoa sungura shimoni na Nell atamfukuza mbele yako. Akimgeukia kondoo hata mmoja, bunduki unayo."

Watu waliguna. Hakuna mwenye lacha anayekubali sharti kama hilo akiwa na akili timamu.

"Nitapiga," Bwana Coulthard alisema. "Ujue hilo."

"Ungekuwa mtu wa kutopiga nisingekuita."

Jioni Sep aligonga mlango. Alivua kofia, akaizungusha mikononi. Nell alikuwa amelala mbele ya moto.

"Usiende, Thirza. Mpeleke kwa dada yako kule Darlington, mambo yapoe. Kondoo wakikimbia, mbwa yeyote hugeuza kichwa. Yeyote. Hata Duke—"

"Malizia, Sep. Hata Duke."

Sep akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukusema?"

"Na wewe, mbona hukusema?"

Sep akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Thirza aliufunga mlango, akapiga magoti, akauficha uso wake kwenye shingo ya Nell. Aliogopa. Aliogopa sana, na hakuna aliyemwona isipokuwa mbwa.

Jumamosi alijikaza kisabuni. Alivaa koti la baba yake, akatia kicheche mmoja mfukoni, akapanda mlima kichwa juu, Nell kisiginoni. Nusu ya Stobbs Row iliwafuata ikakaa getini, Sep nyuma yao wote. Bwana Coulthard alikuwa amewakusanya kondoo malisho ya chini, wametapakaa kila mahali. Alikuwa ameshatia risasi. Alihakikisha Thirza anaona.

"Anza," alisema.

"Tafuta," Thirza alimwambia Nell, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtu apitishe sukari.

Nell aliondoka. Alimpita kondoo mmoja, akampita mwingine, pua chini. Shimo la kwanza lilikuwa na kinyesi kibichi mlangoni, mtu yeyote angesema wenyewe wamo. Alinusa, akaliacha. La pili akaliacha. Getini mtu alicheka, "Leo kasahau kazi!" Kwenye shimo dogo chini ya kichaka cha miiba Nell alisimama, akainua mguu.

Thirza hakutega wavu mlangoni, maana sungura alitakiwa akimbie. Alimwingiza kicheche, akarudi nyuma.

Ardhi ilidunda mara mbili. Sungura akafyatuka, akakimbilia pale pale ambapo Thirza alikuwa ameomba Mungu asikimbilie, kwenye kundi lenyewe. Kondoo walishtuka wote kwa pamoja. Wakapasuka huku na huku, miguu, sufu, vilio, na Nell ndani yake. Kondoo mmoja alikatiza mbele ya pua yake, karibu kabisa, mkia ukirukaruka. Nell alimruka mgongoni kama anayeruka dimbwi, akaendelea na sungura wake.

"Ee Mungu," alisema mwanamke mmoja getini.

Sungura alifika ukutani. Kuta za kule ni za mawe yaliyopangwa makavu, na chini yake wajenzi huacha tundu, maji yapite na sungura wapite. Sungura akapotelea tunduni. Duke angetia pua pale na kuchimba mpaka Krismasi. Nell alisimama. Akageuza kichwa.

Upande alioelekea kulikuwa na kondoo wanne wamejibana kwenye ukuta, wamekwama, wanatetemeka. Bunduki ikapanda begani.

"Amegeuka, Bi Emmerson."

"Anatazama ukuta."

"Amewageukia kondoo wangu."

"Anatafuta pa kurukia. Ngoja."

Mluzi mmoja ungemwokoa. Nell alikuwa akisikia mluzi wa Thirza hata akiwa katikati ya mbio, angerudi miguuni pake na hakuna risasi ambayo ingempata. Ulimi ulikuwa tayari nyuma ya meno. Lakini mluzi ungemaanisha Thirza hamwamini, na kama yeye hamwamini, nani atamwamini? Miaka yake yote na baba yake, na yai, na matembezi yale ya kamba kwenye theluji, vyote vilikuwa vimesimama pale mbele ya mtutu. Aliufunga mdomo.

Nell alirudi nyuma hatua chache, akawapita wale kondoo wanne kwa ubavu, akauruka ukuta palipokuwa pafupi. Akatoweka.

"Huko kuna wanaokaribia kuzaa!" Bwana Coulthard alipiga kelele, akatimua mbio. Kutoka ng'ambo ya ukuta kondoo alilia mara moja. Kisha kimya. Watu wa getini walianza kukimbia nao. Thirza hakukimbia. Baadaye walisema ni kiburi, na kweli kilikuwa kiburi.

Bwana Coulthard hakuwa amefika ukutani Nell alipotokea juu yake. Alisimama pale juu ya mawe, manyoya yamesimama, sura ya mtu aliyeamshwa ghafla, na mdomoni ameshika sungura anayepepesa macho. Alimtazama mkulima na bunduki yake kama mtu anayesubiri kupishwa njiani. Akashuka, akampita, akapita katikati ya kondoo waliokuwa bado wanahema, akaja mpaka kwa Thirza, akakaa, akamkabidhi mkononi.

Mkulima alichungulia ng'ambo. Alikaa akichungulia muda mrefu. Alipogeuka uso wake ulikuwa mwingine.

"Wawili hawajainuka hata," alisema. "Wamelala wanacheua."

Thirza alimpelekea sungura. "Mpapase. Mbavu, mgongo, popote. Nionyeshe jino limeingia wapi."

Bwana Coulthard alipapasa kwa vidole vyake vikubwa, polepole, kwa haki. Hakupata kitu. Alifungua bunduki, akatoa risasi, akazitia mfukoni. Watu wa pale hawajui kuomba radhi kwa maneno, na yeye hakujaribu. Alivua kofia. Hakumvulia Thirza, alimvulia mbwa.

Kifua cha Thirza kilijaa mpaka vifungo vya koti vikambana. Si furaha ya kuponea chupuchupu tu. Alikuwa na fahari, fahari tupu, wala hakujali nani anaiona. Angependa Josiah Raine awepo.

"Basi aliyeua ni mbwa wa nani?" Bwana Coulthard aliuliza.

Katika watu wa Stobbs Row hakuna aliyesogea. Sep alikuwa mweupe kama shuka.

"Nilikuja kumjibia mbwa wangu," Thirza alisema. "Nimemjibia." Akampigia Nell mluzi, wakashuka mlima.

Saa tisa mchana ule, mlango wa tatu ulifunguliwa, Sep akatoka na Duke kwa kamba. Alivaa suti yake ya kanisani. Akapita mbele ya nyumba zote, mchana kweupe, akashika njia ya shambani, na kila mmoja akaelewa. Hakuna aliyefunga pazia. Mtu akitembea hivyo, kumtazama ni kumpa heshima. Baadaye ulisikika mlio mmoja wa bunduki kutoka juu.

Thirza alikuwa uani akimchuna sungura Sep aliporudi na kamba tupu. Alisimama kwenye mlango wa ua, hakujua pa kuiweka.

"Nimemwambia Bwana Coulthard mwenyewe," alisema. "Na kwamba nilidanganya. Nimemwambia na hilo."

"Amesemaje?"

"Hakusema kitu. Alinisaidia kuchimba kaburi."

Alizitazama kucha zake zilizojaa udongo. Nell alinyanyuka, akamwendea, akainusa ile kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akakaa juu ya kiatu cha Sep. Hapo ndipo Sep alipolia. Thirza alimwacha alie, akaendelea na kisu chake.

"Nell atazaa mwaka huu," alisema alipomaliza. "Utakuwa wa kwanza kuchagua mtoto, kabla ya mtu yeyote. Ila atakaa hapa kwangu mpaka nimfundishe."

Sep alijifuta uso kwa mkono wa suti. "Mbwa?"

"Nyote wawili," Thirza akasema. "Ingia ndani, kuna chai."